Delta haisanifiwi na mtu mmoja

Kwa Seneti ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Ndaki yake ya Uhandisi na Teknolojia. Kwa wakuu wa Chuo Kikuu Ardhi, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Na kwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka Kibiti nikiwa na ombi moja. Mwanafunzi wa uzamili wa uhandisi ujenzi asitunukiwe shahada kabla hajakaa walau muhula mzima ndani ya timu ya watu wa fani tofauti, wakasanifu kazi moja ya kweli mahali pa kweli, tangu kupima udongo na maji hadi michoro na makisio ya gharama, kisha wakaiweka mbele ya watu watakaoitumia na kuhojiwa nao. Naomba pia delta ya Rufiji iwe darasa la kwanza la namna hiyo, kwa sababu sijui mahali pengine nchini ambapo mhandisi anayefanya kazi peke yake hukosea upesi kama huku.

Msafiri wa basi la Lindi hupita Kibiti juu ya lami, akanunua korosho, akavuka Daraja la Mkapa na kuamini kuwa ameuona Rufiji. Alichokiona ni mto kabla haujawa mgumu. Mashariki ya barabara hiyo, maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, yaliyokusanywa kwenye bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000, sehemu ya tano hivi ya Tanzania Bara, hugawanyika katika mikono mingi kuelekea baharini: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala na mingine. Katikati ya mikono hiyo umesimama msitu wa mikoko wa zaidi ya hekta 50,000, mkubwa kuliko mwingine wowote wa mikoko iliyoungana katika Afrika Mashariki. Na humo wanaishi watu. Kata za Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi na Msala zina shule, zahanati, misikiti, mashamba ya mpunga, na vyoo ambavyo bamvua huvifikia.

Maji ya huku hayana upande mmoja wa kwenda. Mara mbili kila siku bahari hupanda mtoni na kurudi. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hupungua sana. Masika ikishika bara, mafuriko hushuka na kukutana na bahari inayopanda, na hapo nyumba hukaa majini bila hata tone la mvua kunyesha Kibiti. Mto wenyewe nao huhama. Tangu mafuriko ya miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji yake imeelekea mikono ya kaskazini. Upande huo ukawa wa maji baridi, watu wakafyeka mikoko kupanda mpunga. Kusini chumvi ikapanda, na mashamba yaliyolisha vizazi yakaachwa. Anayesanifu kwa ramani ya zamani anausanifia mto ambao haupo tena pale.

Niliona matokeo ya jambo hili kwenye kijito kimoja. Kijiji kiliomba barabara ifike gatini, na barabara ikaja: tuta la udongo likakatiza kijito, chini yake yakawekwa makalavati ya bomba. Mahesabu yalifanywa, nami niliyaona. Msanifu alikokotoa eneo linalokusanya maji ya mvua, akachukua kiwango cha mvua, akapata wingi wa maji, akachagua kipenyo cha bomba. Kwa kijito cha Mkuranga au Kisarawe kazi ile ingepita bila neno. Lakini kijito hiki hakijazwi na mvua, kinajazwa na bahari. Kila baada ya saa sita hivi, maji yaliyokuwa yakiingia kwa upana wote wa mkondo yalilazimika kupita ndani ya mabomba mawili, na kabla hayajamaliza kutoka bahari ilikuwa imeanza kupanda tena. Upande wa ndani, mpunga ukasimama kwenye maji ya chumvi. Upande wa nje, maji yaliyotoka kwa nguvu yalichimba shimo chini ya mdomo wa kalavati mpaka zege likaning'inia. Na kuna jambo ambalo halikuonekana popote kwenye michoro: kijito kile kilikuwa njia. Mitumbwi iliyopita humo na magunia ya mpunga sasa ilipaswa kuburutwa juu ya tuta. Masika ya pili haijaisha, wananchi walilikata tuta kwa majembe.

Nimelifikiria tuta lile mara nyingi, na kila nikilifikiria naona kuwa kila ujuzi uliokosekana upo nchini. Yupo mtaalamu wa maji ambaye angeuliza swali moja tu, maji haya yanatoka wapi, na usanifu wote ungebadilika. Yupo wa udongo ambaye angejua tope lile linabonyea kiasi gani chini ya uzito wa tuta. Yupo wa mazingira ambaye angeeleza mikoko ya ndani inahitaji maji yabadilike mara ngapi. Yupo nahodha wa mtumbwi ambaye angeonyesha kwa mkono upana anaouhitaji. Wale watatu wa kwanza huenda walisoma chuo kimoja, pengine mwaka mmoja, wakapishana kwenye ngazi za jengo moja, na hakuna siku waliyowahi kulazimishwa kukaa meza moja na kugombana juu ya mchoro mmoja mpaka uwe mchoro wao wote.

Hapo ndipo ombi langu linapoangukia kwenu. Uzamili wa uhandisi katika vyuo vyetu, kwa kawaida, ni kozi za darasani zinazofuatwa na tasnifu ya mtu mmoja chini ya msimamizi wake. Tasnifu ni jambo jema, inamfundisha mtu kuchimba kwa kina. Lakini mtu anaweza kupata shahada ya juu ya miundo, au ya barabara, au ya rasilimali za maji, bila kuwahi hata mara moja kuambiwa na mwenzake wa fani nyingine: nguzo yako hapa haiwezekani, nami nitakuonyesha kwa nini. Akihitimu, serikali inampa kazi ambayo haina kona hata moja inayofanywa na mtu mmoja.

Sisemi kuwa vyuo vyetu havijui vitendo. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam tangu kilipoanza mwaka 1973 kilimpeleka mwanafunzi viwandani na kwenye miradi kwa mafunzo ya vitendo, na wahandisi waliojenga nchi hii kwa miongo mitano wanaikumbuka kwa heshima miezi hiyo ya jua na vumbi. Bodi nayo, tangu 2003, inaendesha mpango wa SEAP, ambao kwa miaka mitatu humweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu kabla hajasajiliwa. Ila yote mawili humfundisha kijana kuingia ndani ya kazi iliyokwisha kuamuliwa na wengine. Daraja limeshachaguliwa kuwa daraja, na mahali pake pameshawekwa vigingi. Anachokikosa ni saa zile ngumu za mwanzo, wakati bado haijajulikana kama kinachohitajika ni daraja, au kivuko, au gati mbili, au kuihamisha zahanati ije upande huu.

Saa hizo ndizo zinazoamua kila kitu huku kwetu. Nitoe mfano wa kazi ambayo timu ya wanafunzi sita au saba ingeweza kupewa: gati dogo la kijiji cha ndani ya delta, mahali ambapo mama mjamzito anayehitaji kuwahishwa hospitalini aweze kupanda boti saa yoyote, usiku au mchana, maji yawe yamejaa au yamekupwa. Ukiisoma sentensi hiyo haraka, ni kazi ya wiki mbili. Ukifika pale wakati maji yamekupwa unaona mita nyingi za tope kati ya ukingo na maji, tope linalomfika mtu mzima mapajani, na mgonjwa akibebwa juu ya mabega ya wanaume wanne wanaozama.

Hapo timu itaanza kugombana, na ndivyo inavyotakiwa. Wa maji atataka kujua kina cha mkondo siku ya maji kupwa ya bamvua, maana hicho ndicho kipimo kinachoamua urefu wa gati. Kina huku si jambo dogo: meli ya vita ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya delta hii tangu 1914 hadi Julai 1915 kwa kuwa manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, mpaka zikaletwa Severn na Mersey, meli zinazoelea kwenye maji machache. Wa miundo atasema gati refu hivyo litahitaji nguzo za kupigiliwa ardhini. Wa udongo atajibu kwamba hapa hakuna mwamba wa karibu, nguzo zitashikwa na msuguano wa tope tu, na urefu wake hauwezi kukisiwa kutoka mezani. Wa gharama atauliza kokoto zitatoka wapi. Delta haina jiwe. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) umejenga madaraja mengi ya mawe mikoani kwa gharama nafuu, na ni kazi ya kujivunia, lakini huku jiwe lenyewe lingesafiri kwa lori hadi mwisho wa barabara kisha kwa jahazi. Basi mbao? Boriti za mikoko zipo mbele ya macho ya kila mtu, ila msitu ni hifadhi ya serikali na huvunwa kwa kibali. Basi gati la kuelea, linalopanda na kushuka na maji? Litafungwaje lisichukuliwe na mkondo wa masika, na nani kijijini atalitengeneza bawaba ikivunjika?

Hakuna jibu la kitabuni kwa mgogoro huo. Kuna jibu ambalo watu sita watalifikia baada ya kushindana kwa hesabu, na wa saba, labda mtaalamu wa jamii au wa uchumi, akiwakumbusha kuwa mkunga wa zahanati bado hajaulizwa.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili lisingoje, nayo ni bwawa la Julius Nyerere. Maji yalianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022, na kufikia 2025 mitambo yote tisa, yenye uwezo wa megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Ni mradi mkubwa wa taifa na nauombea mema. Lakini kwa mhandisi wa delta umeibadilisha namba ya kwanza kabisa ya kila hesabu. Tunaposanifu kalavati au tuta tunauliza: mafuriko yanayotokea mara moja katika miaka 25 au 50 ni makubwa kiasi gani? Jibu hutoka kwenye kumbukumbu za mto za miaka mingi. Kumbukumbu hizo sasa ni za mto mwingine, uliokuwa huru. Mto wa leo unapita kwenye milango inayofunguliwa na kufungwa na watu, nyuma yake kukiwa na hifadhi inayoweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Mchanga na tope lililoijenga delta hii kwa maelfu ya miaka nalo hutua huko juu, na ukingo usiolishwa tope huliwa na mawimbi. Hata chumvi itabadilika, kwa kuwa ni maji baridi yanayoisukuma bahari irudi.

Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilizama. Mashamba yalikwenda, nyumba zilikwenda, maelfu ya watu waliathirika. Wako waliolilaumu bwawa, wako waliosema kuwa bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Niliyasikia yote mawili kwenye mabaraza ya hapa, yakisemwa na watu walioumia kweli, na nilihuzunika kwamba hapakuwa na timu hata moja ya chuo iliyosimama Muhoro au Mtunda na mfano wa hesabu mkononi, ikaweza kuwaonyesha wananchi maji yalitoka wapi na yangefika wapi endapo milango ingefunguliwa siku nyingine. Hiyo ni kazi ya uzamili. Inataka mwanahaidrolojia, mtu wa ramani, mtu wa umeme anayejua kwa nini mitambo huendeshwa inavyoendeshwa, na mtu anayejua kuongea na wakulima.

Mwanzoni mwa Mei mwaka huohuo kikaja kimbunga Hidaya. Daraja la Mkapa, mita 970 za zege lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwamalizia watu wa kusini mateso ya kivuko cha Ndundu, lilibaki limesimama. Kilichokatika ni barabara mbele yake, upande wa Kilwa, kuanzia Somanga: matuta na makalavati ya vijito ambavyo majina yake wengi wetu hatukuyajua. Lindi na Mtwara zikatengwa na Dar es Salaam kwa barabara ile. Daraja kubwa lilisanifiwa na timu kubwa. Ningependa vijito vidogo navyo vipate timu, hata kama ni ya wanafunzi.

Mnaweza kuniuliza wananchi wanaingiaje katika jambo la kitaalamu namna hii. Nawakumbusha Operesheni Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kuwapeleka juu, kwenye ardhi kavu, kwa nia njema ya kuwaokoa na kuwapa shule na maji ya bomba. Swali lililoulizwa lilikuwa moja, watu watokeje majini, na likajibiwa. Lakini bondeni watu walikuwa na madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na walikuwa na kilimo cha mlau kilichongoja maji yashuke ndipo mbegu itiwe kwenye tope jipya. Mafuriko yalikuwa mbolea yao. Basi wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, mbali na nyumba zao mpya, mwaka baada ya mwaka. Kama mezani pangekuwa na mzee mmoja wa Kindengereko mwenye haki ya kusema hapana, huenda tungerithi vijiji vya namna nyingine, nyumba zilizoinuka na njia zinazokubali kufunikwa na maji kwa wiki mbili bila kubomoka.

Kwa hiyo nasisitiza sehemu ile ya mwisho ya ombi langu, kuhojiwa na watumiaji. Jopo la mtihani liwe na maprofesa, liwe na mhandisi wa TARURA wa wilaya na mtu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na liwe na watu wawili waliochaguliwa na kijiji, mmoja wao mwanamke, ambao alama zao zinahesabiwa. Mwanafunzi atakayeweza kumweleza mvuvi kwa nini gati linaishia pale na si hatua ishirini mbele, kwa Kiswahili, akaeleweka, huyo amejua usanifu wake kuliko alivyojua siku alipouandika.

Haya si mageni duniani. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, tangu kilipoanzishwa mwaka 1974 kimejengwa juu ya vikundi vya wanafunzi vinavyoshika tatizo halisi kwa muhula mzima. Bangladesh, nchi ya delta kubwa kuliko yetu, msanifu majengo Mohammed Rezwan alipoona shule zinafungwa na mafuriko kila mwaka alianza mwaka 2002 kuendesha shule ndani ya boti, kazi iliyomtaka msanifu, mafundi wa boti na walimu wafikiri pamoja. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Ramani Huria, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2015, iliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam wakatembea mtaa kwa mtaa na wakazi, wakichora mifereji na kuuliza maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani. Vijana walewale, au wadogo zao, wanaweza kufanya hivyo kwa mtumbwi.

Najua hoja ya kutegea: katika kila kikundi yuko atakayebebwa na wenzake. Mnaijua dawa yake kuliko mimi, kila mmoja atie sahihi sehemu yake ya hesabu na ahojiwe peke yake juu ya sehemu ya mwenzake. Najua pia hoja ya fedha. Lakini kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, mkopo wa Dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, vyuo vyetu vinajenga maabara na vimehuisha mitaala ili ilingane na mahitaji ya nchi, na nauli ya watu saba hadi Nyamisati, huku kwenye delta, ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine moja ya kupima zege.

Kwenu wa Bodi ya Usajili nina ombi la nyongeza. Muhula huo wa timu uhesabiwe ndani ya miaka mitatu ya SEAP. Mkifanya hivyo, wanafunzi wataukimbilia wenyewe, na vyuo vitaufuata bila kusukumwa.

Wakati mzuri wa kuanza ni Julai, maji ya masika yakiwa yameshuka na alama zake bado zinaonekana kwenye kuta na magome ya miti. Timu ikae kijijini bamvua mbili na maji mafu mawili, ipime kina usiku na mchana, irudi chuoni kusanifu, kisha irejee Februari kuona mto unavyoanza kupanda kabla haijafunga michoro. Malazi yatapatikana. Mitumbwi na manahodha wapo, na walipwe. Mimi niko tayari kutembea na timu ya kwanza vijito vyote ninavyovijua, na kuwaonyesha pale tuta lilipokatwa, maana bado halijarudishwa na mpunga wa watu unaendelea kuvushwa kwa kichwa.

Wenu katika kazi,
Mhandisi, Kibiti